Mwashi, Mwanafunzi na Mwanagenzi: Lugha ya Kumwandaa Fundi Ujenzi Kunduchi, kutoka Matumbawe hadi Uhalisia Pepe

Katika Kiswahili cha pwani cha zamani, kujenga na kuaka yalikuwa matendo mawili tofauti. Aliyejenga alisimamisha miti, akafunga fito, akakandika udongo na kuezeka makuti. Aliyeaka alipanga mawe kwa chokaa. Kamusi ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1939 ilikihifadhi kitenzi aka kwa maana hiyo ya kazi ya mawe, na kwa kanuni ile ile ya sauti inayotupatia mpishi kutokana na pika, na mwandishi kutokana na andika, kitenzi hicho kilimzaa mwashi, naye mwashi akatoa uashi. Leo ni nadra kumsikia fundi wa Kunduchi akisema kwamba anaaka. Atasema anajenga, hata kama mikononi mwake hamna kitu ila jiwe na saruji. Hata hivyo, kijana wake anapokwenda kutafuta cheti katika chuo cha ufundi stadi, fani anayoandikishwa bado huitwa uashi. Kitenzi kimekaribia kusahaulika, na nomino zake zimebaki zikifanya kazi bila yeye.

Historia hii fupi ya neno moja inafungua swali ambalo wanaisimu hawajalishughulikia vya kutosha, yaani mwanafunzi wa ujenzi aliandaliwa kwa maneno gani kabla ya kukabidhiwa ukuta? Swali hilo limepata uzito mpya kwa sababu ya teknolojia inayoitwa uhalisia pepe, ambapo anayeanza huvaa miwani maalumu iliyoziba macho yote mawili na kujiona yuko juu ya jukwaa la ujenzi, ilhali miguu yake imekanyaga sakafu ya darasa. Katika nchi kadhaa zilizoendelea kiviwanda, njia hii imekwisha kutumika kuwaandaa vijana wanaotaka kuingia katika uanagenzi wa ujenzi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hatua ya maandalizi si jambo geni katika pwani ya Afrika Mashariki. Ilikuwapo tangu zama za chokaa, na chombo chake kikuu kilikuwa lugha. Kwa hiyo, jambo la kwanza la kuuliza kuhusu miwani hiyo ni lugha itakayomsemesha mvaaji.

Mawe ya Kunduchi

Kunduchi iko kaskazini mwa Dar es Salaam, kando ya barabara ya Bagamoyo, katika Wilaya ya Kinondoni. Wengi huijua kwa samaki na kwa mahoteli ya ufukweni. Mwanahistoria wa ujenzi huijua kwa magofu yake, yaani msikiti wa mawe uliobaki kuta, na makaburi ya nguzo ya karne ya 18 ambayo yalipambwa kwa sahani na bakuli za kauri kutoka China. Kauri hizo zimewavutia sana wageni na wataalamu, pengine kupita kiasi. Kwa anayechunguza mafunzo ya ufundi, lenye kusema zaidi ni shimo lililoachwa pale sahani ilipobanduka. Shimo hilo ni la mviringo, limelingana na chombo kilichokusudiwa, na lipu iliyokizunguka ilibidi ishikwe ingali mbichi. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa amefunzwa na mtu.

Kuta za namna hii, ambazo Peter Garlake alizipima na kuzichora katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu majengo ya awali ya Kiislamu ya pwani, zilitegemea mawe ya namna mbili. Kuta zilipandishwa kwa mawe magumu ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa nchi kavu. Mihrabu, vizingiti na mapambo yalichongwa kwa matumbawe laini yaliyokatwa baharini, ambayo huchongeka yakiwa bado na unyevu kisha hugumu yakishakauka. Tofauti hiyo ilikuwa somo kamili kwa anayeanza. Jiwe la nchi kavu lilimsubiri. Jiwe la bahari halikumsubiri. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la magogo, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ikae kabla ya kutumiwa. Mikoko ilitoa boriti za dari, na kwa kuwa boriti hubeba vyema kwa urefu wa kama mita 2.5 hadi 3 tu, upana wa chumba ulikuwa umekwisha kuamuliwa msituni. Hakuna mchoro uliohitajika kumweleza mwanafunzi kwa nini nyumba za mawe za pwani zina vyumba virefu na vyembamba. Alizibeba boriti mwenyewe, akaelewa.

Vipimo vilitoka mwilini: shibiri, mkono au dhiraa, na pima, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Kitu kilichoning'inizwa kwenye uzi ili kupata wima kilikuwa timazi, na risasi ya kukivuta iliitwa chubwi, neno ambalo mvuvi pia hulitumia kwa kizito cha mshipi wake. Mtoto wa Kunduchi aliyekulia kwenye ngalawa hakulikuta neno hilo kwa mara ya kwanza kwenye ukuta. Alikwisha kulishika mkononi. Vivyo hivyo mwiko wa kupakia chokaa ulikuwa na jina la mwiko wa kusongea ugali. Lugha ilimtangulia mwanafunzi kazini, ikampa mahali pa kushika.

Msamiati wenyewe wa mafunzo unathibitisha jambo hili. Fundi, funda, fundisha, funza na mwanafunzi ni maneno yenye mzizi mmoja wa Kibantu, -fund-, wenye maana ya kuelimisha. Kiswahili cha leo kimeyatenga: fundi yuko gereji au kwenye mjengo, mwanafunzi yuko darasani na sare yake, na wali hufundwa unyagoni. Zamani maneno hayo yaliishi nyumba moja. Mwanafunzi alikuwa mtu wa fundi, na kumfunda mtu kulihusu adabu na siri za kazi kwa pamoja. Ni makosa kuyatazama mafunzo ya kienyeji kama kuiga kwa macho tu. Anayeiga asiyejua majina ya anayoyaona huiga mkono asiige kusudi.

Mfano ulio bora zaidi unapatikana Unguja. Sakafu ya dari ya nyumba ya mawe ilitengenezwa kwa chokaa, udongo mwekundu na mawe madogo, kisha ikapigwapigwa kwa vijiti kwa siku kadhaa hadi ikashikamana. Kazi hiyo ilifanywa na kundi la watu, aghalabu wanawake na watoto, na iliongozwa kwa nyimbo. Wimbo haukuwa burudani ya pembeni. Ndio uliogawa mapigo sawasawa juu ya eneo zima, kwa maana sakafu iliyopigwa zaidi upande mmoja hupasuka. Mtoto aliyeujua wimbo alikuwa ameandaliwa kwa kazi kabla hajapewa kijiti.

Saruji ya Wazo

Mwaka 1966 kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji, kilomita chache kutoka magofu ya Kunduchi. Malighafi yake kuu ni mawe ya chokaa ya kilima chenyewe, masalia ya miamba ya matumbawe ya zama za mbali sana. Kwa lugha ya kijiolojia hapakuwa na mapinduzi makubwa, kwani matumbawe yaliyochomwa yaliendelea kuwa gundi ya nyumba za Dar es Salaam. Kwa lugha ya kazi mapinduzi yalikuwa makubwa mno. Chokaa hugumu polepole kwa kunyonya hewa ukaa, nayo humvumilia anayejifunza. Saruji hushikana kwa maji katika muda wa saa chache, haivumilii, na nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Boriti iliipisha nondo, na upana wa chumba ukaacha kuamuliwa na mkoko.

Kunduchi yenyewe iligeuka kuwa machimbo. Kokoto na mawe ya Mtongani yalijenga sehemu kubwa ya jiji, na jina la mtaa wa Mecco hadi leo linaikumbusha kampuni ya umma ya ukandarasi iliyojulikana kwa kifupisho hicho. Pamoja na kazi hizo ulikuja msamiati ambao hakuna kamati iliyoketi kuutunga. Karai lilikuwa limekwisha kuingia kutoka Kihindi, lipu vilevile kutoka lugha za Bara Hindi. Kozi ya tofali na rinta zilichukuliwa kutoka Kiingereza na kuvishwa sauti za Kiswahili. Nyoka mkubwa wa hadithi, nondo, akapewa kazi ya chuma. Jamvi, mkeka mkubwa wa kutandika, likawa tabaka la zege linalomwagwa juu ya msingi. Mirunda ikawa miti ya kusimamishia majukwaa. Pima maji ikakaa karibu na timazi bila kuifukuza, kila kimoja na kazi yake, ulalo na wima.

Na watu nao walipata majina. Kibarua, kama ijulikanavyo, ni barua ndogo: hati aliyopewa mfanyakazi wa kutwa ili adai ujira wake, kisha jina la karatasi likamhamia aliyeishika. Chini ya fundi yuko saidia fundi, jina ambalo kisarufi ni la ajabu kidogo, kwa kuwa ni kitenzi na shamirisho vilivyogeuzwa mtu bila kiambishi chochote cha ngeli. Saidia fundi huanza kwa kuchota maji, kukoroga mchanganyiko na kupokeza tofali. Baadaye huruhusiwa kujaza kozi katikati ya ukuta, ambako uzi umekwisha kuvutwa kutoka pembe hadi pembe. Pembe hubaki kwa fundi mwenyewe muda mrefu, kwa sababu ukuta wote hufuata pembe. Katika miezi hiyo yote kijana huongozwa na amri fupi na kwa sitiari za mwili: ukuta umelala, ukuta umetoa tumbo, tofali halijakaa. Jioni humwagilia maji ukuta wa jana. Anayetaka kujua mtaala wa ujenzi wa Dar es Salaam nje ya vyuo, basi ndio huo, na haujapata kuandikwa.

Kamusi hazikuufikia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ikaitoa upya mwaka 2004 na kuendelea kuiboresha. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limesanifu maelfu ya istilahi. Kazi hizo ni kubwa na hazipaswi kubezwa. Lakini waundaji wa istilahi walielekeza nguvu zao katika masomo ya shule na shughuli za ofisi, fizikia, biolojia, sheria, utawala, na maneno yalichukuliwa zaidi kutoka kwa watu wanaoandika. Mafundi hawaandiki. Matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kupata kwa urahisi neno sanifu la Kiswahili kwa sehemu ya chembehai, asipate popote orodha ya maneno anayoyahitaji kijana atakayepanda mirunda kesho asubuhi.

Vyuo vya ufundi vilikuwa na nafasi ya kuziba pengo hilo. Wajerumani walikuwa na mafunzo ya ufundi katika shule ya Tanga tangu miaka ya 1890, na huko Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia. Waingereza walifungua shule za ufundi za Ifunda mwanzoni mwa miaka ya 1950 na Moshi mwaka 1957, ambako Kiingereza kilikuwa na hadhi ya juu. Baada ya uhuru chuo cha Chang'ombe, katika Wilaya ya Temeke, kilikuwa mhimili wa mafunzo ya ufundi stadi jijini, na kwa sheria ya mwaka 1994 shughuli zote hizo zikawekwa chini ya VETA. Katika karakana mwalimu husema Kiswahili, kwani hawezi kusema vinginevyo akaeleweka, huku vitabu na miongozo mingi ikiwa ya Kiingereza. Kijana aliyekwisha kujua timazi hujikuta akifunzwa upya kitu kile kile kwa jina jingine, na huweza kushindwa mtihani wa jambo analolifanya vizuri kila siku.

Serikali ilipoanzisha katika muongo wa 2010 programu ya kukuza ujuzi, ilifufua neno la zamani ambalo linastahili kusifiwa: uanagenzi. Mwanagenzi, yaani mtu anayeanza kazi asiyoizoea, ni neno lililokuwamo katika kamusi za kale. Umbo lake genzi linafuata mkondo wa mpenzi kutoka penda, hivyo huenda asili yake ni kitenzi cha mwendo, genda, ambacho Kiswahili sanifu kimebaki nacho kwa umbo la enda. Mwanagenzi basi ni wa safarini, hajafika. Programu hiyo hiyo iliweka pia utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi wa mtaani hupimwa kwa kazi yake na kupewa cheti. Utaratibu huo ni ushahidi wa kiserikali kwamba mtaala usioandikwa upo.

Uhalisia pepe na uzito wa karai

Wazo la kumfunza mtu kazi ya hatari mahali pasipo hatari lina umri wa karibu karne moja. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link alitengeneza kiti cha kufundishia marubani kilichoyumba kama ndege bila kuondoka sakafuni. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaliwa kichwani kilichobadilisha picha kwa kufuata mgeuko wa kichwa; kilikuwa kizito kiasi cha kuhitaji kuning'inizwa kutoka darini. Ilipofika mwaka 2016 vifaa vya namna hiyo vilikuwa vikiuzwa madukani. Mwaka huo huo VETA, kwa kushirikiana na Airtel, ilizindua VSOMO, programu ya simu iliyomwezesha kijana kusoma nadharia ya ufundi popote alipo, kisha akaenda chuoni kwa vitendo. VSOMO haikuwa uhalisia pepe, lakini ilikuwa na mgawanyo ule ule wa kazi: kwanza maandalizi mbali na karakana, kisha mikono.

Jina la teknolojia hii kwa Kiswahili limejengwa kwa werevu. Barua pepe ndiyo iliyotangulia kuizoesha jamii kipashio pepe, chenye udugu na upepo, pepea na pepeta. Katika barua pepe kinadokeza wepesi wa kufika. Katika uhalisia pepe kinadokeza wepesi mwingine, yaani kukosa uzito, na hapo istilahi imesema kweli kuliko hata walioitunga walivyotazamia. Ukuta wa ndani ya miwani hauna uzito. Kijana anaweza kujifunza humo mpangilio wa eneo la kazi, mahali pa kusimama winchi inapopita, dalili za jukwaa lililofungwa vibaya, na zaidi ya yote namna mwili wake unavyoitikia kimo. Wapo wanaogundua katika siku ya kwanza kazini, ghorofa ya nne, kwamba wanashikwa na kizunguzungu, na ugunduzi huo ni heri ufanyike darasani. Hawezi kujifunza humo uzito wa karai la zege begani, wala umajimaji wa mchanganyiko ambao kiganja hupima kabla ya jicho, wala subira ya kumwagilia ukuta jioni baada ya jioni. Muda ndani ya miwani hufupishwa, saruji haifupishiki.

Hili si suala la nadharia. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Visababishi vya maafa kama hayo ni vingi na vingine viko juu sana ya kimo cha saidia fundi. Lakini uwiano wa saruji, mchanga na kokoto hupita mikononi mwake, na amri ya kuondoka mahali pa hatari hufika sikioni mwake kwa lugha fulani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi taarifa na mafunzo. Mafunzo yasiyoeleweka ni ya kutimizia fomu.

Inafaa kukumbuka kwamba kuta za matumbawe zenyewe zimekwisha kuingia katika ulimwengu pepe. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town ulipima kwa miale ya leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na kutengeneza nakala za kidijitali ambazo mtu anaweza kuzitazama kutoka kila upande kwenye kompyuta. Jina la mradi ni la Kiswahili, mawe ni ya Waswahili, na fundi aliyeyapanga aliyaita kwa Kiswahili. Kwa hiyo mali ya kutengenezea darasa pepe la uashi wa pwani ipo. Msikiti wa Kunduchi ni mdogo mno kulinganisha na wa Kilwa, na ungeweza kupimwa kwa gharama ndogo. Mwanagenzi angeweza kuona ndani ya ukuta, jiwe la nchi kavu na jiwe la bahari, kabla ya kuingia kwenye tofali za saruji.

Kinachokosekana ni sauti. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, katika toleo lake la mwaka 2023, imeupa mkondo wa amali nafasi ndani ya elimu ya sekondari, na shule zitahitaji zana. Zana za uhalisia pepe huja kutoka nje zikiwa na maelekezo yaliyorekodiwa tayari. Kuzitafsiri kwa kukaa ofisini na kamusi kutatoa Kiswahili sahihi ambacho hakijapata kusikika juu ya mirunda: kifaa cha kupimia wima, mahali pa timazi, safu ya matofali, mahali pa kozi. Kijana atakayefundwa kwa sauti hiyo atafika Mtongani akiwa mgeni wa lugha katika mtaa wake mwenyewe, na fundi akimpigia kelele kwamba ukuta umelala, atatazama huku na huku.

Njia nyingine ni kwenda na kinasa sauti kwenye majengo ya Kunduchi, Tegeta na Mbagala, kuwarekodi mafundi wakiwaamrisha saidia fundi wao, na kuyakusanya maneno hayo kabla programu yoyote haijaandikwa. Hiyo ni kazi ya wanaleksikografia kabla ya kuwa kazi ya wahandisi, na inahitaji viatu vya kukanyagia zege. Wazee wachache wa pwani waliopata kuona chokaa ikichomwa kwa magogo wangali hai, na kati yao wamo wanaoweza kusema kitenzi aka kinavyotumika katika wakati uliopo.